Uakisi wa poti kwenye suichi pepe: poti huzaliwa, poti hufa

Chukua hoteli ya Mji Mkongwe yenye seva moja, imewekwa kwenye kijichumba nyuma ya mapokezi. Ndani ya seva hiyo zinaendeshwa mashine pepe nne, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja halisi: ya programu ya kuwekea wageni nafasi, ya hifadhidata, ya kurekodi kamera, na ya malipo ya mkahawa. Programu ya nafasi imekuwa nzito, mapokezi wanalalamika kutwa, na fundi anaitwa aje autazame mtandao. Anachomeka kompyuta yake kwenye suichi ya ukutani, anaiamuru suichi imnakilie trafiki ya waya unaotoka kwenye seva, anafungua Wireshark, programu ya kusomea trafiki ya mtandao, na kusubiri ayaone mazungumzo ya programu na hifadhidata. Anaziona kamera. Anaiona trafiki ya mapokezi. Mazungumzo anayoyatafuta hayapo.

Hayapo kwa sababu hayapiti pale. Mashine pepe mbili zilizo ndani ya seva moja, kwenye mtandao mmoja, huzungumza kupitia suichi iliyomo ndani ya seva yenyewe. Suichi hiyo ni programu, haina kebo wala taa za kuwakawaka. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inatoka mashine ya kwanza, inapita kwenye kumbukumbu ya seva, inaingia mashine ya pili, na waya wa nje hauna habari. Suichi ya ukutani haiwezi kuakisi kitu ambacho hakijaifikia.

Kwa hiyo kioo, yaani agizo la kunakili trafiki, lazima kiwekwe ndani, kwenye suichi pepe. Amri zake ni chache na hazina ugumu mkubwa. Mafundi wengi ninaowaona wakihangaika na jambo hili hawashindwi na amri. Wanashindwa kwa sababu wanaichukulia poti ya suichi pepe kama tundu la suichi ya kawaida, kitu kilichopo leo na kitakachokuwepo kesho pale pale na namba ile ile. Poti pepe haiko hivyo. Huzaliwa mashine inapowashwa, hufa inapozimwa, na mashine ikihamishiwa seva nyengine poti yake huzaliwa huko upya. Ukilishika hilo, kero nyingi za uakisi wa aina hii utazielewa kabla hujaanza kutafuta majibu.

Suichi inaficha, na ndiyo kazi yake

Zamani kulikuwa na habu. Pakiti ikiingia tundu moja, habu inaitoa kwenye matundu yote yaliyobaki, na yeyote aliyechomeka waya anaona mambo ya kila mtu. Suichi ikaja na utaratibu mwengine. Inasoma anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya kila anayetuma, inaandika kwenye jedwali lake amekuja kwa poti gani, na tangu hapo pakiti za kwenda kwa huyo hupelekwa kwenye poti yake peke yake. Mtandao unakuwa mwepesi na siri inahifadhika kiasi. Mchunguzi anakosa pa kusimama.

Kuakisi poti ni kuiambia suichi: endelea na kazi yako kama kawaida, ila kila pakiti inayopita poti hizi, toa nakala moja uipeleke kwenye poti ile. Aliyesomea vifaa vya Cisco analijua jambo hili kwa jina la SPAN. Pakiti asili haiguswi wala haicheleweshwi kusubiri mchunguzi, na wanaozungumza hawana njia ya kujua kwamba kuna nakala. Upande wa pili wa kioo ndipo unapoweka mashine ya kuchunguzia, iwe inaendesha tcpdump kwa uchunguzi wa saa moja, au Suricata na Zeek kwa ulinzi wa kudumu.

Kioo kwenye Open vSwitch

Nitatumia Proxmox, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, pamoja na Open vSwitch (OVS). Proxmox haidai leseni ili ufanye kazi, na tangu Broadcom ilipoinunua VMware, mshindani wake, mwishoni mwa 2023 na kuziondoa sokoni leseni za kudumu, ofisi ndogo zimekuwa na sababu nzito ya kuitazama. Open vSwitch ni suichi pepe ya programu huria iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux toleo la 3.3 mwaka 2012. Haiji imewashwa kwenye Proxmox, unaiongeza kwa `apt install openvswitch-switch` kisha unaunda daraja (suichi pepe yenyewe) la aina ya OVS. Kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume anaweza kuyajaribu yote haya kwenye kompyuta moja yenye kumbukumbu ya GB 16, bila kununua kifaa chochote.

Tuseme daraja letu ni vmbr1. Mashine ya programu ni namba 101, hifadhidata ni 102, na mashine ya kuchunguzia ni 105. Hii ya 105 iwe na kadi mbili za mtandao: ya kwanza ina anwani ya IP na ndiyo unayoingilia kufanya kazi, ya pili haina anwani yoyote na kazi yake ni kupokea nakala tu. Kadi ya pili usiipe anwani kabisa. Mashine ya uchunguzi inatakiwa isikilize bila kusema, na kadi yenye anwani husema, hata usipoituma.

Kila kadi ya mashine pepe inapowashwa, Proxmox huiundia poti yenye jina linalofuata kanuni: tap, namba ya mashine, herufi i, namba ya kadi. Kadi ya kwanza ya mashine 101 inakuwa tap101i0, na kadi ya pili ya mashine 105 inakuwa tap105i1. Utaziona kwa amri hii:

`ovs-vsctl list-ports vmbr1`

Usiipite hatua hii kwa haraka. Kama orodha haina tap101i0, na badala yake kuna jina linaloanza na fwln, maana yake kwenye kadi ya mashine hiyo kisanduku cha fayawoli cha Proxmox kimetiwa alama. Fayawoli ikiwashwa, kadi haichomekwi tena moja kwa moja kwenye vmbr1. Huchomekwa kwenye kidaraja chake, na kidaraja hicho ndicho kinachounganishwa na vmbr1 kwa poti ya fwln. Kwa mashine unazozichunguza hilo si tatizo, mradi utumie jina lililopo kwenye orodha. Kwa kadi ya pili ya mashine 105 ni tatizo kweli, kwani nakala zitapita kwenye daraja jengine lenye akili na vichujio vyake kabla ya kufika. Kadi ya kusikilizia iondolee alama ya fayawoli.

Sasa kioo chenyewe:

`ovs-vsctl -- --id=@a get Port tap101i0 -- --id=@k get Port tap105i1 -- --id=@m create Mirror name=kioo select-src-port=@a select-dst-port=@a output-port=@k -- set Bridge vmbr1 mirrors=@m`

Amri ni ndefu lakini ina mambo manne tu: itafute poti ya kuchunguzwa, itafute poti ya kupokelea, unda kioo, kisha kikabidhi kwa daraja. Yote manne yanafanyika kwa pamoja, na ni lazima yawe pamoja, kwa sababu Open vSwitch hufuta kioo kisicho na daraja linalokimiliki. Ukikiunda leo kwa amri moja na kukikabidhi kwa amri nyengine baadaye, utakuta hakipo.

Mahali panapowachanganya watu ni `src` na `dst`. Maneno haya yanatazama kutoka upande wa suichi. Poti ikiwa `src`, unanakili kile kinachoingia kwenye suichi kupitia poti hiyo, yaani kile ambacho mashine 101 inakituma. Ikiwa `dst`, unanakili kinachotoka kwenye suichi kwenda kwa mashine 101, yaani inachokipokea. Anayejiweka upande wa mashine hugeuza maana zote mbili, kisha anakaa anasoma nusu ya mazungumzo, anaona maombi yanatoka na majibu hayarudi, na kuandika kwenye ripoti kwamba hifadhidata haijibu. Hifadhidata inajibu, ila kioo kimeelekezwa upande mmoja. Isipokuwa una sababu maalumu, weka poti kwenye pande zote mbili kama nilivyofanya hapo juu.

Jambo jengine la kujua: poti ukishaifanya ya kupokelea, Open vSwitch huitenga kwa kazi hiyo tu. Haipelekewi trafiki nyengine, na chochote ambacho mashine 105 itakituma kupitia kadi ile kitatupwa. Ndiyo maana anayemwekea mchunguzi kadi moja tu, akaifanya ya kupokelea, hukata mawasiliano ya mashine hiyo papo hapo na kubaki na skrini ya Proxmox kama njia pekee ya kuifikia.

Thibitisha kwa macho

Ndani ya mashine 105, kadi ya pili kwa kawaida hujiita ens19. Iwashe bila anwani kwa `ip link set ens19 up`, kisha sikiliza:

`tcpdump -ni ens19 icmp`

Nenda mashine 101, tuma ping kwa 102. Ukiwa na kioo kizima utaona hivi:

`14:02:11.318204 IP 10.20.0.11 > 10.20.0.12: ICMP echo request, id 7, seq 1, length 64`
`14:02:11.318597 IP 10.20.0.12 > 10.20.0.11: ICMP echo reply, id 7, seq 1, length 64`

Soma anwani kwa makini. Hakuna hata moja iliyo ya mashine 105. Mashine hii inasoma mazungumzo ya watu wawili ambayo kwa suichi ya kawaida isingeyasikia kamwe, na huo ndio ushahidi kwamba kioo kinafanya kazi. Kuona matangazo ya ARP (mashine ikiuliza ni nani mwenye anwani fulani) peke yake si ushahidi, maana hayo hupelekwa kwa kila poti hata pasipo kioo. Ukiona ombi bila jibu, rudi kwenye `src` na `dst`. Ukiona kimya kabisa, ondoa kwanza neno icmp na usikilize bila kichujio, pengine pakiti zinakuja zimevaa lebo ya VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya suichi) na kichujio chako kinazikosa. Mashine 105 yenyewe usiiwekee namba ya VLAN kwenye kadi ya pili, ili lebo zifike zilivyo na uweze kutofautisha trafiki ya wageni na ya ofisi.

Wireshark itakuonyesha pia mambo mawili yanayotisha na yasiyo na madhara. La kwanza ni pakiti kubwa kuliko 1500, hata baiti elfu kadhaa. Mashine pepe hukwepa kukatakata data mapema kwa kuwa ndani ya seva hakuna waya unaolazimisha ukubwa, na kioo kinanakili kabla ya kukatwa. La pili ni hesabu za uhakiki kuandikwa kuwa si sahihi, kwani kazi ya kuzikokotoa imeachiwa kadi ya mtandao na pakiti imenaswa kabla haijaifikia. Usianze kubadili vifaa kwa ajili ya hayo.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo kiini cha makala. Aliyekuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa gizani takriban miezi mitatu baada ya umeme wa kutoka Bara kukatika, hahitaji kuelezwa kwa nini seva zetu huwekwa ziwake zenyewe. Umeme ukirudi saa tisa usiku, seva inaamka, na mashine pepe zote zilizowekewa alama ya kujiwasha zinafuata moja baada ya moja. Asubuhi mapokezi wanafanya kazi, fundi hajaitwa, kila mtu ameridhika.

Kioo hakikurudi. Mashine 105 ilipozimika, tap105i1 ilikufa. Ilipowaka ikazaliwa tap105i1 nyengine. Jina ni lile lile, lakini kwa Open vSwitch ni poti mpya kabisa yenye kitambulisho kipya, na kioo kilikuwa kimefungwa kwenye kitambulisho cha zamani. Na halitokei kosa lolote la kukushtua. Ukiandika `ovs-vsctl list mirror` utakikuta kioo kimo kwenye orodha kwa jina lake, umbo lote, hadi ufike kwenye mstari huu:

`output_port         : []`

Mabano matupu. Kioo kipo, hakina pa kupeleka nakala. Mashine 101 ikizimwa na kuwashwa, hali ni hiyo hiyo upande wa pili: `select_src_port` na `select_dst_port` zinabaki tupu, na kioo chenye afya kwa nje hakinakili chochote. Si lazima umeme ukatike. Inatosha mtu aizime mashine na kuiwasha baada ya kuiongezea kumbukumbu. Kwa mchunguzi wa saa moja hii ni kero ndogo. Kwa hoteli iliyoweka Suricata ili ijulishwe mtu akiingilia mfumo wa malipo, ni hatari kubwa, kwa sababu ukimya wa mlinzi aliyelala unafanana kabisa na ukimya wa usiku salama.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza punguza idadi ya poti ambazo kioo kinazitegemea. Badala ya kutaja poti moja moja, tumia `select-all=true`, na suichi itanakili trafiki ya poti zote zilizopo na zitakazozaliwa. Kama unataka mtandao mmoja tu, ongeza `select-vlan=20` au namba yoyote ya mtandao huo. Hapo mashine 101 na 102 zinaweza kuzimwa na kuwashwa mara mia bila kioo kujali. Inabaki poti moja ya kupigania, ile ya kupokelea.

Pili, funga kuundwa kwa kioo na kuzaliwa kwa poti hiyo. Proxmox ina nafasi ya skripti inayoitwa kila mashine inapopita hatua fulani: kabla ya kuwaka, baada ya kuwaka, kabla ya kuzimwa, baada ya kuzimwa. Skripti hupewa vitu viwili, namba ya mashine na jina la hatua. Andika hii kwenye faili /var/lib/vz/snippets/kioo.sh:

`#!/bin/bash`
`if [ "$2" = "post-start" ]; then`
`ovs-vsctl -- --id=@k get Port tap105i1 -- --id=@m create Mirror name=kioo select-all=true output-port=@k -- set Bridge vmbr1 mirrors=@m`
`fi`

Ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, hakikisha hifadhi ya local imeruhusiwa kubeba faili za aina ya snippets, kisha iunganishe:

`qm set 105 --hookscript local:snippets/kioo.sh`

Tangu hapo mashine ya uchunguzi inapoamka, inakuja na kioo chake. Kioo cha zamani kikishaondolewa kwenye daraja hufutika chenyewe, hakuna cha kusafisha. Jaribu kwa kuizima mashine 105 kweli kweli na kuiwasha. Kuiwasha upya kutoka ndani ya mfumo wake si jaribio la kutosha, kwa sababu hapo poti inaweza isife.

Usipokuwa na Open vSwitch

Daraja la kawaida la Linux, ambalo Proxmox hulitumia usipolibadilisha, halina kioo cha kwake. Kazi hufanywa na tc, zana ya Linux ya kusimamia trafiki, kwa kila poti na kila upande:

`tc qdisc add dev tap101i0 clsact`
`tc filter add dev tap101i0 ingress matchall action mirred egress mirror dev tap105i1`
`tc filter add dev tap101i0 egress matchall action mirred egress mirror dev tap105i1`

Kanuni ya pande inabaki ile ile: `ingress` ya tap101i0 ni kile mashine 101 inachokituma. Ukitaka kuchunguza mashine mbili zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, na ukaweka pande zote mbili kwa kila moja, pakiti moja itanakiliwa mara mbili, ikitoka kwa huyu na ikiingia kwa yule. Wireshark itadhani mtandao unarudia kutuma na kukujazia mistari myeusi. Kwa hali hiyo `ingress` peke yake inatosha kwa mashine zote mbili, na faili uliyokwishainasa unaweza kuisafisha kwa `editcap -d`. Hapa pia poti ikifa maagizo yake hufa nayo, kwa hiyo skripti ni lazima iwepo.

Kuna njia ya mkato inayopendwa: kuweka muda wa kumbukumbu ya MAC wa daraja kuwa sifuri, na daraja likawa habu. Siipendi. Unamfunulia kila mashine iliyomo mambo ya kila mashine, pamoja na ile ambayo pengine ndiyo iliyoambukizwa.

Kwa VMware, suichi ya kawaida haina kioo. Ina hali ya kupokea kila kitu, inayowekwa kwenye kundi la poti na ambayo imefungwa usipoigusa. Ifungue kwenye kundi lenye mashine ya uchunguzi peke yake, usiifungue kwenye suichi nzima. Uakisi wa kweli uko kwenye suichi iliyosambazwa, tangu vSphere 5.0 ya mwaka 2011, na aina yake ya msingi inafanya kazi pale tu chanzo na mpokeaji wakiwa kwenye seva moja. Hyper-V ya Microsoft inatumia amri ya `Set-VMNetworkAdapter` yenye `-PortMirroring`, thamani yake ikiwa `Source` kwa anayechunguzwa na `Destination` kwa mchunguzi, wote wawili kwenye suichi moja ya seva moja. Uzuri wake ni kwamba mpangilio huo unakaa kwenye kadi ya mashine yenyewe, na mashine ikiwaka upya unarudi nao.

Mifereji miwili, ndoo moja

Poti ya Gbps 1 inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, yaani inaweza kubeba Gbps 2 ukijumlisha pande zote. Kioo kinazimwaga zote mbili kwenye poti ya kupokelea kwa upande mmoja tu. Ukifungua mifereji miwili kwa nguvu juu ya ndoo moja, maji yatamwagika, na pakiti nazo ndivyo zinavyomwagika. Suichi hutupa nakala isiyo na nafasi na haimwambii mtu. Ndani ya seva kikomo si waya, ni kichakato na kasi ya mashine inayopokea, lakini matokeo hayatofautiani: unasoma mazungumzo yenye mapengo na kuulaumu mtandao ulio mzima. Angalia mstari wa mwisho anaouandika tcpdump unapomkatiza, ule wa pakiti zilizoangushwa na kiini. Ukizidi sifuri, usiamini ulichonasa mpaka upunguze unachonakili.

Diski nayo ina hesabu yake. Trafiki ya wastani wa Mbps 100, ukiihifadhi yote, ni MB 12.5 kila sekunde, GB 45 kwa saa, zaidi ya TB 1 kwa siku. Kwa kazi nyingi huhitaji mwili wa pakiti, vichwa vinatosha kuonyesha nani alizungumza na nani, lini, na jibu lilichukua muda gani. Amri hii huchukua baiti 96 za mwanzo, na huzungusha faili 20 za MB 500 ili diski isijae:

`tcpdump -ni ens19 -s 96 -C 500 -W 20 -w /data/nasa.pcap`

Kuchukua vichwa tu kuna faida nyengine, nayo si ya diski. Kwenye mtandao wa hoteli haipiti trafiki ya mashine peke yake. Mna wageni, mna wafanyakazi wanaowasiliana na watoto wao walio skuli, mna nambari za pasi na kadi. Tovuti nyingi siku hizi zimefungwa kwa TLS na kioo hakitakusomea yaliyomo, lakini maswali ya DNS (kompyuta ikiuliza anwani ya tovuti kwa jina) mara nyingi huenda wazi, na jina la tovuti huonekana hata pale yaliyomo yamefichwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza kunasa mawasiliano bila haki, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Msimamo wangu ni mmoja: kabla ya kuandika `create Mirror`, pata ruhusa ya maandishi ya mwenye mtandao, inayosema unachunguza nini, kwa muda gani, na faili zitafutwa lini. VLAN ya wageni usiitie ndani ya kioo kama tatizo liko kwenye hifadhidata. Fundi anayekataa kuandika haya anajiweka pabaya yeye mwenyewe kwanza.

Seva zikiwa mbili

Mwenye seva mbili, tuseme moja Malindi na moja tawini Chake Chake, au mbili kwenye chumba kimoja, ana suichi pepe mbili zisizojuana. Mashine 101 ikihamia seva ya pili, imetoka kwenye upeo wa kioo. Njia nyepesi ni kila seva kuwa na mchunguzi wake na skripti yake. Njia ya pili ni kuzifungasha nakala na kuzituma kwa mchunguzi mmoja kwa GRE, njia ya kubeba pakiti ndani ya pakiti nyengine:

`ovs-vsctl add-port vmbr1 kioogre -- set interface kioogre type=gre options:remote_ip=10.30.0.50`

Kisha kioogre inakuwa poti ya kupokelea. Poti hii haifi na mashine yoyote, na hilo ni jema. Ina masharti mawili. Pakiti ya 1500 ikiongezwa kichwa chake cha Ethernet cha 14, cha GRE cha 4 na cha IP cha 20 inakuwa 1538, kwa hiyo njia ya kupitia ipanuliwe MTU yake (ukubwa wa juu wa pakiti), la sivyo pakiti kubwa zitakatwakatwa au zitapotea. Na njia hiyo isipite vmbr1. Ukituma nakala kupitia suichi ile ile unayoiakisi kwa `select-all`, kila nakala itanakiliwa, na nakala ya nakala nayo itanakiliwa, mpaka seva ielemewe. Tenga kadi ya mtandao kwa kazi hiyo. Na kati ya Unguja na Pemba singetuma nakala za trafiki yote hata njia ikiruhusu. Chunguza Chake Chake ukiwa Chake Chake, lete matokeo tu.

Kwa kioo cha kudumu, weka ukaguzi wa kila dakika chache unaosoma safu ya `statistics` kwenye `ovs-vsctl list mirror`. Humo mna `tx_packets`, idadi ya nakala zilizotolewa. Namba isipopanda kati ya usomaji mmoja na unaofuata, wakati hoteli iko kazini, mtumie fundi ujumbe wa simu. Kwa kioo cha uchunguzi wa mara moja, kiondoe siku hiyo hiyo kwa `ovs-vsctl clear bridge vmbr1 mirrors`, ondoa pia skripti kwa `qm set 105 --delete hookscript`, na uandike tena `ovs-vsctl list mirror` mbele ya mwenye mtandao, aone kwamba orodha haina kitu.